Kiwiko chako, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa kazini, Desemba 2025, saa tisa usiku, wazee wamelala na kengele zao zimetulia. Nikikueleza kwa mdomo utanikatisha: "Mama, niko sawa." Karatasi itabidi uisome mpaka mwisho. Jumamosi unapanda ndege kwenda Florida kwenye hiyo kambi ya warushaji wa besiboli, ya kuongeza kasi ya mpira, na swali langu hujalijibu tangu Sikukuu ya Shukrani. Kiwiko kinakuuma?

Jumapili ulimimina chai kwa mkono wa kushoto. Birika lilikuwa limejaa, ukalihamisha kutoka mkono wa kulia ukidhani nimeinamia jiko. Kazi yangu ni kunyanyua watu na kuwavisha, mwaka wa 11 sasa. Mtu anayeficha mkono unaomuuma simhitaji aniambie.

Utaniletea habari za Schlittler, yule mrushaji wa Yankees wa New York. Najua. Mtoto wa Walpole, hapa hapa Massachusetts, kasoma Northeastern, kisha mwezi wa kumi anawarushia Red Sox wa Boston zamu 8 bila kuwapa hata alama moja, wapigaji 12 anawatoa, na hampi mtu hata mmoja kituo cha bure kwa kurusha vibaya. Usiku ule sina haja ya kukusimulia, kilio cha baba yako na kelele zako majirani walivisikia. Lakini tangu siku hiyo huzungumzi kitu kingine ila maili 95 kwa saa, maili 97. Mwanangu, Schlittler ana miaka 24. Wewe una 19.

Kila jioni wewe na baba yako mnabishana ni timu gani inahitaji warushaji zaidi msimu huu wa baridi, wewe na Yankees wako, yeye na Red Sox wake. Mnadhani mimi nachambua maharage tu. Nasikiliza, na nimehesabu. Yankees: Cole alipasuliwa kiwiko mwezi wa tatu, msimu mzima wa 2025 hakurusha mpira. Schmidt akapasuliwa mwezi wa saba, na kwake ni mara ya pili. Rodón kamaliza msimu, mwezi wa kumi akaingia chumba cha upasuaji kutolewa vipande vya mfupa kwenye kiwiko. Upande wa baba yako, Houck mwezi wa nane. Giolito kiwiko kilimgomea mechi za mwisho zilipofika, na 2024 yote alikuwa ameikosa kwa sababu hiyo hiyo. Huyo Oviedo waliyemchukua mwezi huu kutoka Pittsburgh naye hakucheza 2024. Hata wale wanaotegemewa: Crochet wa Red Sox alipasuliwa 2022, Fried wa Yankees 2014 akiwa bado hajafika ligi kuu. Sasa niambie, mnabishana kuhusu nini kama si viwiko?

Ukitaka maoni yangu, baba yako safari hii ana haki. Crochet alirusha zamu 205 na nyuma yake hapakuwa na wa kumwegemea, ndiyo maana walishinda mechi ya kwanza ya mtoano pale New York, aliyorusha yeye, kisha wakapoteza mbili. Kumleta mrushaji Sonny Gray kumeziba pengo hilo. Yankees wana Fried na Schlittler, halafu wanasubiri majeruhi wapone. Cole na Rodón hawatakuwa tayari msimu ukianza. Wanamhitaji mtu wa kubeba mwezi wa nne na wa tano bila kelele, hata kama jina lake halijulikani. Wewe unataka wanunue jina kubwa. Sikubaliani nawe.

Na huyo Gray mwangalie vizuri. Ana miaka 36. Harushi kwa kasi ya kutisha, ana mipira ya aina nyingi na mpigaji hajui upi unakuja. Hilo hata kocha wako wa kwanza alikuambia, kwamba mpira wako wa kupinda ni zawadi. Nilijivuna siku ile nikashindwa kula. Mbona sasa hauutaji tena?

Yankees walimpa Fried dola milioni 218 kwa miaka 8. Kiwiko cha mmoja kikikatika, wanamtafuta mwingine, wana fedha. Sisi tutamtafuta nani? Ligi yenyewe ilitoa ripoti Desemba mwaka jana, dada yako alinisomea. Kasi ya wastani ya mpira wa moja kwa moja ilikuwa maili 91.3 mwaka 2008, ikafika 94.2 mwaka 2024. Upasuaji wa kano ya kiwiko kwa wachezaji wa kulipwa ulikuwa 104 mwaka 2010, mwaka 2024 ukawa 281. Wakasema pia kwamba warushaji wanatumia majira haya ya mapumziko kusaka kasi, wakirudi mazoezini ndipo wanaumia. Mapumziko haya haya unayokwenda kuyamalizia Florida! Tommy John mwenyewe, mrushaji ambaye upasuaji huo umeitwa jina lake, alikuwa na miaka 31 alipofanyiwa mwaka 1974.

Sikukatazi kwenda. Fedha zimelipwa, na umezitafuta mwenyewe kwa kuzoa theluji za watu, jambo ambalo nimewaambia ndugu zako wote Tanga. Ila umefanya kosa kumficha daktari wa timu. Huo si ushujaa.

Kuna kile kiangazi ulipokuwa na miaka 15. Kwa umri ule walisema mtoto asizidi mipira 95 kwa siku, na akizidisha 75 apumzike siku 4. Jumamosi ulirusha timu moja, Jumapili timu nyingine. Kila kocha alihesabu mipira yake. Wa kujumlisha alikuwa ni mtu aliyekuwa akikuendesha gari kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, na fomu zote mbili zina sahihi yake. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, na watu pale uwanjani walikuwa wananiita mama wa mrushaji. Basi.

Kabla ya mpira wa kwanza kule, waambie wakupige picha ya kiwiko. Wakikataa, nipigie nitakukatia tiketi ya kurudi siku hiyo hiyo, hela ipo, nimeiweka.

Nyumbani: fundi wa boila anakuja Ijumaa asubuhi, mfungulie maana mimi nitakuwa nimelala. Dada yako anataka funguo za gari, usimpe kabla theluji haijaondolewa barabarani. Bibi Tanga mpigie leo, kule sasa ni mchana, na umwamkie vizuri, si ile shikamoo yako ya haraka. Maharage yako kwenye friza, kopo la mfuniko wa buluu. Koti jeusi lipo nyuma ya mlango, zipu nimeibadilisha.

Bima tumebadilisha. Ile kadi ya zamani haifanyi kazi kuanzia tarehe 1 Januari. Mpya nimeitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, na namba ya daktari nimeiandika nyuma yake kwa kalamu.

Mama