Somo, niazime Hayakuhusu

Nachingwea, 9 Machi

Somo yangu,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, mama mkwe na mguu wake ule ule, watoto wanakwenda shule, mvua ipo. Najua utasema somo kakaa kimya miezi saba, leo kaandika, basi ana shida. Ninayo. Nataka uniazime Hayakuhusu, yule mbwa jike wako.

Usicheke kwanza.

Yule mbwa niliyemchukua kwa shemeji Rajabu, mwekundu, sikio moja limelala, amekuwa mkubwa sasa. Mbio anazo, pua anayo, woga hana. Ila hachagui. Mimi nilimtaka wa nguruwe pori tu, na yeye kaamua kila chenye miguu ni kazi yake. Wiki iliyopita kamwua mbuzi wa Bi Tatu. Mbuzi jike, mwenye mimba, mchana kweupe. Nimelipa laki na ishirini mbele ya balozi, na nyama yenyewe nyamafu, hakuna aliyeigusa. Laki na ishirini imefukiwa ardhini, somo, na sepetu nilishika mwenyewe.

Unajua karanga zangu ziko kule bondeni. Zimeanza kushika, na nguruwe wanajua kalenda kuliko bwana shamba. Wanakuja usiku, kundi zima, asubuhi unakuta matuta yamepinduliwa kama kapita trekta. Ule mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa hapa kwetu mwaka 1951, wasomi wanasema ni udongo, ni mvua, ni mitambo. Mimi nadhani hawakuwa na mbwa.

Basi nalala dunguni, mbwa chini, nimemvika njuga. Kwa njuga najua kila kitu gizani: anatembea, anakimbia, amesimama ananusa. Usiku mmoja zikalia mbio kuelekea mikorosho. Nikashuka na tochi na mkuki, moyo umefurahi. Nafika, ngedere juu ya mti, mbwa chini anabweka kama kalipwa. Huku nyuma, upande wa pili wa shamba, nguruwe wanakula kwa nafasi. Nimepoteza mistari sita usiku ule kwa ajili ya ngedere.

Nungunungu ndiyo usiseme. Nimemtoa miiba kumi na moja mdomoni kwa koleo, Fundi Saidi kashika kichwa. Vijana hapa wanabisha kwamba nungunungu anarusha miiba kama mishale. Harushi kitu. Anakimbia, anasimama ghafla, anarudi kinyumenyume, na mbwa aliye mbioni anajichoma mwenyewe. Nilidhani baada ya hapo amejifunza. Baada ya siku tisa kamfuata tena.

Na mwezi uliopita, hili sijamwambia mtu, nilimkuta kajikunyata juu ya kitu kama jiwe, anakwaruza kwa meno. Kumulika, kakakuona. Nilimvuta mbwa kwa shingo mpaka akakohoa, tukaondoka bila kugeuka. Yule ukikutwa naye, hata magamba yake tu, ni kesi ya wanyamapori na jela juu. Wazee wangemwekea maji, mahindi na jembe wasome mwaka unakuja na nini. Mimi nilichosoma ni kwamba huyu mbwa atanifunga.

Sasa sikiliza kosa langu, maana nimekaa nimelifikiri. Siku ya mbuzi alikimbia baada ya kuua, akarudi nyumbani jioni kabisa. Alikuja mkia unacheza, anafurahi kuniona. Nikamtandika. Somo, mbwa hana jana. Yeye hakupigwa kwa mbuzi, kapigwa kwa kurudi nyumbani. Tangu siku ile nikimwita anazunguka nyumba mara tatu, analala chini ya kinu, haji.

Halafu kuna jina. Nilimwita Waache kwa ajili ya majirani, waache waseme, nawe ulilisifia sana. Hukufikiri, nami sikufikiri. Nikitaka aje nasema "Waache!" Nikitaka aache nasema "Acha!" Mbwa anasikia ache, acha, hajui anaitwa au anakatazwa. Siku ile ya mbuzi nilikuwa nakimbia napiga kelele "Waache! Waache!" namwita tu arudi. Bi Tatu alipofika kwa balozi akatoa ushahidi mzuri kabisa: "Huyu baba alimkataza, jamani, alimwambia awaache, mbwa ndiye mkaidi." Akanipunguzia elfu thelathini kwa ajili hiyo. Sikumsahihisha.

Ndipo nikamkumbuka marehemu babu yako. Unakumbuka alivyokuwa akitia vile vitoto vya mbwa zizini vikiwa bado vinayumba? Mbuzi mwenye mtoto anakipiga pembe kitoto cha mbwa, kinabiringika, kinarudi, kinapigwa tena. Kikitoka zizini pale kinawaona mbuzi kama wakwe, salamu kwa mbali. Wangu sikumpitisha huko. Alikuja kwangu ana miezi mitano, mbuzi wa kwanza kumwona alikuwa anakimbia, na kinachokimbia kinafukuzwa.

Na lile neno la babu, "Mwiko!" Halikutumika kwa kitu kingine. Hakupiga kelele, alilisema mara moja, chini chini, kisha anageuka anakwenda njia nyingine, na mbwa wote nyuma yake. Nilidhani ni dawa, tulisema kabisa kwamba mzee ana dawa. Kumbe dawa ni wakati wenyewe.

Nimeanza nalo wiki hii. Nimemfunga kamba ya katani kama mita kumi, nampitisha jirani na mbuzi wa Mzee Chande, aliyekubali kwa sharti kamba isiniponyoke. Namtazama sikio lile moja linalosimama. Likinyanyuka tu, kabla mguu haujaondoka, "Mwiko," nageuka. Kamba inamvuta, ananifuata, anapewa dagaa. Nikichelewa hata kidogo, akisharuka, basi hasikii, ni kama kusema na gari. Jana nilimpitisha mara nane. Mara ya saba sikio likanyanyuka, akanitazama mimi mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Nusura nimpe mfuko mzima wa dagaa.

Lakini hiyo ni mchana, kwenye kamba, mbuzi wamelala wanacheua. Usiku, kamba hakuna, ngedere anapiga yowe juu ya mkorosho? Hapo ndipo namtaka Hayakuhusu. Nilimwona kwa macho yangu mwaka ule ngedere anakatiza mbele yake kama hatua tano, akageuza uso kama bibi harusi. Mbwa mdogo anamsoma mkubwa: mkubwa akipuuza, na huyu ataona hapana kitu pale.

Mpwa wangu wa Dar aliponisikia akasema, mjomba, Wamarekani wana kola ya umeme, mbwa akifuata mnyama asiye wake unabonyeza kitufe. Akanionyesha kwenye simu. Wao wana mbwa wa kufukuza rakuni, kimnyama cha huko kwao, na wanahangaika nao vilevile wasifuate paa, kwa hiyo ugonjwa ni mmoja. Baadaye akakuta Wales wamezipiga marufuku kola hizo tangu 2010, akanyamaza. Mimi hapa chaji ya simu yenyewe nafuata kwa Fundi Saidi, nitachajia wapi shingo ya mbwa? Na mbwa akipigwa umeme akiwa anatazama mbuzi, nani kaniambia hatadhani mbuzi ndiye aliyempiga, akamchukia zaidi?

Sasa nijibu haya. Hayakuhusu bado ana nguvu za kukesha, au amezeeka? Ana joto lini? Asije akaniletea harusi badala ya shule. Chanjo ya kichaa cha mbwa amechomwa lini mara ya mwisho? Wangu ana cheti cha Septemba, sitaki tuulizane baadaye. Na je, wangu hatamharibu wako? Babu alikuwa anasema wakiwa wawili mmoja akikosa adabu wote wamekosa, au alisema watatu? Jina nalo, nimbadilishe? Mke wangu anasema tumwite Laki, kwa kumbukumbu. Na ule mkwaju wenu wa kule Newala, mlifikia wapi na yule mnunuzi? Hukunimalizia.

Ukikubali, Rajabu anapita Newala Jumamosi na kirikuu chake, anarudi kwa njia ya Masasi. Nimempa kilo tano za mbaazi na kamba mpya. Mbaazi za shemeji, kamba ya Hayakuhusu. Mfunge nyuma, siyo mbele, mara ile alitapika juu ya gia na Rajabu hajanisamehe.

Somo yako