Rubani wa miaka 23 katika bustani ya Endcliffe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke kijana ambaye hakuwa wa ukoo wangu wala wa nchi yangu, lakini kwa kuwa naishi Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, na kila nikikatiza katika bustani ya Endcliffe nalisoma jina lake, nimekuwa kama jirani yake. Aliitwa John Kriegshauser. Alikuwa rubani katika jeshi la anga la Marekani, mwenyeji wa jimbo la Missouri, na alifariki akiwa na umri wa miaka 23.

Tarehe 22 Februari 1944 yeye na wenzake tisa waliondoka katika kituo cha Chelveston, Northamptonshire, kwa ndege ya mabomu ya B-17 iliyoitwa kwa Kihispania Mi Amigo, yaani rafiki yangu. Walitumwa kushambulia uwanja wa ndege wa Aalborg nchini Denmark, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ndege yao iliharibiwa katika mapambano ya angani, ikajikokota kuivuka Bahari ya Kaskazini, na jioni ikatokea juu ya mji huu wa vilima na nyumba zilizobanana, mbali na kituo ilikotoka. Iliangukia kwenye miti ya mteremko ulio ndani ya bustani, ikashika moto, na wote kumi wakafa.

Watu wa hapa husimulia kwamba rubani aliona watoto wakicheza katika kiwanja cha majani, mahali pekee palipokuwa wazi, akawapungia mkono waondoke, na wao wasipomwelewa akaielekeza ndege mitini. Msimulizi mkuu ni mzee Tony Foulds, aliyekuwa mmoja wa watoto hao akiwa na miaka 8, ambaye kwa miaka mingi amefagia pale, amepanda maua na kupangusa jiwe la ukumbusho, huku akisema kwamba waliokufa walikufa kwa ajili yake. Wapo wanaouliza kama ndege iliyoharibika kiasi kile huweza kuchagua pa kuangukia. Siwalaumu, maana hakuna hata mmoja kati ya waliokuwamo aliyebaki kutusimulia. Lakini mtu aliyebeba deni kama hilo tangu utotoni hata ukongwe, na kulilipa kwa ufagio, mimi simwombi ushahidi mwingine. Jeshi lenyewe lilimtunuku Kriegshauser nishani ya ushujaa wa urubani baada ya kifo chake.

Jiwe hilo liliwekwa mwaka 1969, na limezungukwa na mialoni kumi, mmoja kwa kila marehemu. Kwa miaka mingi waliofika kila Februari walikuwa wachache, hadi Januari 2019, mtangazaji mmoja wa BBC aliyekuwa akipita na mbwa wake alipomkuta mzee huyo kazini, wakazungumza. Tarehe 22 Februari, miaka 75 kamili baada ya ajali, ndege za kijeshi za Uingereza na Marekani zilipita juu ya bustani asubuhi, na maelfu ya watu walikuwa chini wakitazama. Nami nilikuwamo, nimebanwa kati ya wanafunzi wa shule na vikongwe wa viti vya magurudumu, na nakiri kwamba nilibubujikwa na machozi kwa ajili ya mtu nisiyemjua.

Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo aibu iliponishika, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Siku kumi tu kabla ya Mi Amigo kuanguka, yaani tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo, ilipigwa torpido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama katika dakika chache. Walikufa watu 1,297, na mamia yao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa rika la Kriegshauser. Yeye na wenzake naweza kuwataja wote kumi kwa kichwa, kwa kuwa mzee mmoja hakukubali jiwe lao lifunikwe na majani. Wa kwetu waliozama na meli ile simjui hata mmoja kwa jina, ingawa nchi jirani zilizowatoa ndizo zilizonilea.

Wasio na kaburi kati yao wana ukumbusho katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Naomba gazeti lako limtume mwandishi huko akayanakili majina, na tarehe 12 Februari ijayo yachapishwe, hata kwa herufi ndogo na hata kama yatachukua kurasa mbili. Gharama ya kurasa hizo niko tayari kuichangia.

Wako mtiifu,
Msomaji wa miaka mingi,
Sheffield, Uingereza