Kisiwa cha Great Blasket hakikufa kwa bahati mbaya

Mhariri,

Kila makala inapogusia kisiwa cha Great Blasket, karibu na pwani ya Kerry, magharibi mwa Ireland, sifa huelekezwa kwenye vitabu vilivyotoka huko, huku kuhama kwa wakazi mwaka 1953 kukitajwa kwa sentensi moja kana kwamba hakukuwa na budi. Naomba nafasi katika safu yako nipinge mazoea hayo.

Fasihi yenyewe inastahili sifa zote. Kijiji cha wavuvi na wafugaji wa kondoo, ambacho hata kilipojaa zaidi hakikufikisha watu 200, kilituachia maandishi ya Tomás Ó Criomhthain, aliyejifunza kuandika Kiayalandi akiwa mtu mzima, pamoja na masimulizi ya Peig Sayers, ambayo wengine waliyanakili kutoka kinywani mwake. Wasomi wa Norway na Uingereza walivuka bahari kwa mashua za turubai lililopakwa lami ili wafundishwe lugha na wenyeji, na walimu wao walikuwa wavuvi hao hao.

Lakini kisiwani hapakuwa na daktari, wala padri mkazi, wala gati la kutegemewa. Vijana walihamia Marekani, wengi wao Springfield, Massachusetts, na shule ikafungwa mwaka 1941 kwa kukosa watoto. Januari 1947 kijana mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo wakati bahari imechafuka na daktari hafikiki. Aprili mwaka huo wakazi walimpelekea Waziri Mkuu Éamon de Valera telegramu kwamba hawana chakula. Ni kweli, wenyewe ndio walioomba kuhamishwa, ila waliomba baada ya kunyimwa kila kitu kingine, na serikali ambayo katiba yake ya 1937 iliitukuza lugha yao ilingoja miaka sita zaidi.

Kisiwa cha Tory, huko Donegal, kilinusurika. Baada ya dhoruba za 1974 kukitenga kwa wiki kadhaa, baadhi ya familia zilihamia bara, nyingine zikakataa kuondoka na kudai huduma. Leo kina feri, umeme na shule, na Kiayalandi bado kinazungumzwa majumbani.

Kwa hiyo, waandishi wenu watakapoandika tena juu ya visiwa hivi, wasiishie kwa watunzi; waulize pia feri huvuka mara ngapi majira ya baridi, na mgonjwa hutibiwa wapi.

Msomaji wako wa siku nyingi