Kuzima taa ya injini si kutengeneza gari

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wale walionunua gari jipya, nalo limekwisha kurudi gereji mara mbili tatu kwa tatizo lile lile. Jibu wanalopewa mara nyingi ni hili: "Tumelipima kwa kompyuta, hatujaona kitu, taa tumeizima." Hilo si jibu. Kama taa iliwaka, kompyuta ilisoma kitu, na mwenye gari asiondoke bila kuandikiwa kitu hicho ni nini.

Taa ya injini inapowaka, kompyuta huhifadhi kodi, yaani namba ya hitilafu, pamoja na hali ya gari wakati ule: spidi, mizunguko ya injini kwa dakika, joto la maji. Fundi akifuta kodi, kumbukumbu hizo nazo zinafutika, na gari hulazimika kuendeshwa tena katika hali mbalimbali ndipo limalize kujipima upya. Ndiyo maana taa inaweza kutulia siku kadhaa, mteja akaamini gari limepona, kisha ikawaka tena. Piga picha kioo cha mashine ya kusomea kodi kabla kitu chochote hakijafutwa.

Tena kodi haikutajii spea ya kununua. P0171, kwa mfano, inasema tu kwamba mafuta ni pungufu yakilinganishwa na hewa. Wapo wanaokimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi, ilhali mara nyingi sensa hiyo ndiyo iliyoripoti tatizo na haina kosa. Fundi makini hutazama kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi. Ikiwa nyongeza ni kubwa gari likiwa limesimama na injini inazunguka taratibu, kisha inapungua injini ikifikishwa mizunguko 2,500, atafute hewa inayovuja na kuingia baada ya sensa ya hewa, yaani kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini: mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Ikiwa nyongeza inazidi gari likivuta mzigo, apime presha ya pampu ya mafuta na aangalie uchafu kwenye sensa ya hewa.

Injini inayomisi, yaani silinda moja haichomi mafuta sawasawa, inapimika kwa urahisi zaidi, kwa magari yenye koili moja (kifaa kinachoipa plagi umeme) kwa kila silinda. Kodi ikiwa P0303, silinda ya tatu ndiyo inayomisi. Hamisha koili yake kwenda silinda ya kwanza, na ya kwanza ije ya tatu, halafu endesha. Kodi ikigeuka P0301, koili ni mbovu. Ikibaki P0303, fanya hivyo hivyo kwa plagi, kisha ipimwe nozeli inayopuliza mafuta, na mwisho kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Anayebadilisha koili zote nne kwa mkupuo anaweza kubahatisha, lakini hatajua alichotengeneza.

Kinachosumbua zaidi magari ya siku hizi ni umeme. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6. Gari likiamka limekufa asubuhi, usinunue betri nyingine kabla ya kupima umeme unaonyonywa gari likiwa limefungwa. Unganisha ampimita, kipimo cha mkondo wa umeme, kwenye waya wa hasi, funga milango, na subiri hata dakika 40, kwa kuwa kompyuta nyingine huchelewa kulala. Kwa kawaida isizidi miliampea 50. Ikisoma nusu ampea, betri ya saa-ampea 60 itapoteza 36 kwa siku tatu, yaani zaidi ya nusu. Anza kuchunguza vilivyoongezwa baada ya kununua: alamu, kamera, kifaa cha kufuatilia gari. Taa za dashibodi zikiwaka nyingi kwa pamoja, bila mpangilio, kagua kwanza vichwa vya betri na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Nati iliyolegea hapo huzichanganya kompyuta zote.

Tatizo linalokuja na kuondoka lipigwe video, na uandike lilitokea injini ikiwa baridi au moto, mvua ikinyesha au la, kwa spidi gani. Mtake fundi aendeshe gari nawe katika hali hiyo hiyo. Mwombe pia atafute kwa namba ya chasisi kama kiwanda kimetoa taarifa ya kiufundi au programu mpya, maana hitilafu nyingine zinajulikana kiwandani na dawa yake ipo.

Kisha soma karatasi ya kazi kabla ya kutia saini. Iwe na tarehe, kilomita, malalamiko yako kwa maneno yale yale kila safari, kodi iliyosomwa, na namba ya spea iliyofungwa. Sheria za baadhi ya nchi, yakiwemo majimbo ya Marekani, huangalia gari limerudishwa mara ngapi kwa hitilafu ile ile. Mapokezi wakiandika "ukaguzi wa kawaida", itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba siku ile ulipeleka hitilafu, na waranti inaendelea kuisha.

Fundi umeme wa magari