Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa shirika la ndege: mizigo imehamia juu ya vichwa vyetu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mteja wenu wa miaka kumi na moja. Shirika lenu silitaji kwa jina kwa sababu sina nia ya kuliaibisha. Nataka tu mrekebishe.

Kila baada ya miezi mitatu nampeleka mamangu kliniki Nairobi. Treni ya Madaraka pale Miritini ni nafuu, lakini magoti yake hayastahimili kukaa saa tano na zaidi. Kwetu sisi ndege si anasa. Kadi yenu ya wateja ndiyo iliyotubeba: kila safari ilituongezea pointi, nazo zikatupa begi la bure na viti viwili vya pamoja bila malipo. Kwa ajili ya mambo hayo mawili niliwafuata nyinyi hata siku ambazo wenzenu walikuwa na tiketi za bei ya chini.

Mwaka huu mkageuza. Pointi sasa zinahesabiwa kwa pesa alizotumia mtu, si kwa safari alizosafiri. Najua hamkuanza nyinyi. Delta na United kule Marekani walifanya hivyo mwaka 2015. Lakini abiria wenu wengi wa huku Pwani hawalipiwi na kampuni. Tunadunduliza. Kwa hesabu yenu mpya, aliyekata tiketi moja ghali amenipita mimi niliyepanda ndege zenu mwaka mzima. Hilo limeniuma sana, ila ningelimeza. Lililonishinda kumeza ni nililoliona ndani ya ndege.

Begi la kupakia chini lilipoanza kulipiwa, watu hawakupunguza mizigo. Wameihamishia juu. Safari yetu ya mwisho, ndege ya jioni, rafu zote zilikuwa zimejaa kabla nusu ya abiria hawajaketi. Kijana mmoja alikuwa na mkoba wa mgongoni, mfuko wa nguo na mkebe mkubwa wa halua wa kupeleka harusini. Mhudumu wenu, binti mpole, alisukuma kwa viganja vyote viwili, akainua goti juu ya kiti ili apate nguvu, mpaka kifuniko cha rafu kikakubali kufunga. Tulipotua kikafunguliwa, mkebe ukateleza ukamgonga mamangu begani. Kijana aliomba radhi hadi machozi yakamlenga. Simlaumu, na yule binti simlaumu hata kidogo. Aliyepanga bei ya begi ndiye aliyeuweka ule mkebe pale.

Bega limepona. Kinachoninyima usingizi ni moto. Ndani ya mikoba ile mna pawabenki na betri za kila aina, zimebanwa mahali ambapo hakuna anayeziona. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na moto ulianzia kwenye rafu ya mizigo. Kufikia tarehe 1 Machi nchi ile ilikuwa imekataza pawabenki kuwekwa juu. Abiria anakaa nayo karibu, ikianza kufura au kutoa moshi ionekane mara moja. Kutangaza agizo kama hilo kwenu kunahitaji sentensi mbili kabla ya kuruka. Hakuna gharama.

Siku ile mamangu alikuwa safu ya 21, mimi safu ya 7, kwa sababu viti vya pamoja sasa vinalipiwa. Ndege huthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Mheshimiwa, sekunde hizo mimi nisingezitumia kwenda mlangoni. Ningerudi nyuma kumtafuta mamangu, huku wenzangu wote wanakuja mbele. Mama mwenye mtoto wa miaka mitano aliyeketishwa kwingine naye angefanya vivyo hivyo. Kule Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, watu wote 379 wa ndege ya Japan Airlines walitoka wakiwa hai, ndege ikiwaka. Waliacha mabegi yao.

Tulipofika nje, mamangu aliniuliza, "Mwanangu, lile koti la kujiokolea majini huvaliwa vipi? Yule binti alisema Kiingereza kirefu, Kiswahili akakipitisha mbio." Swali hilo kwetu si dogo. Sisi tuna jamaa Ngazija, kisiwa cha Komoro, na tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na kisiwa kile. Wapo waliojaza makoti yao upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, makoti yakawanyanyua hadi darini na kuwazuia kutoka. Kati ya watu 175 walikufa 125. Neno "usijaze upepo kabla hujatoka mlangoni" linapaswa kusemwa kwa Kiswahili taratibu, linyooke, mhudumu akionyesha kwa mkono, maana ndege zetu hupaa na kutua maji yakiwa karibu.

Basi turudishieni begi moja la bure, angalau kwa wateja wa kadi, na mzigo wa mkononi upimwe kaunta kabla haujafika mlangoni mwa ndege. Wazee na watoto wakae na watu wao bila kutozwa hata shilingi. Kuhusu pointi, zihesabuni mtakavyo. Tutajadiliana siku nyingine.

Kliniki ya mamangu ni mwezi ujao. Tumekata ndege ya asubuhi. Naomba nimkute kando yangu.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Tudor, Mombasa