Vivutio vya Ruaha vianze na mto wenyewe

Ndugu Mhariri,

Likizo zikikaribia, magazeti hutuorodheshea vivutio vya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha: simba, tembo, mibuyu, ndege wa kila aina. Sina ugomvi na orodha hizo. Ombi langu ni kwamba Mto Ruaha Mkuu utajwe wa kwanza, maana vingine vyote vinaishi kwa maji yake. Hata jina la hifadhi limetokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto.

Mimi ni mkazi wa Iringa. Oktoba iliyopita tulichanga watu saba, tukakodi gari na kushika njia ya Tungamalenga, kilomita 130 hivi hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi. Asubuhi ya kwanza tu tuliona tandala mkubwa na tandala mdogo. Ni hifadhi chache zenye wote wawili. Hapa miombo ya kusini hukutana na vichaka vya miiba vya kaskazini.

Pale Mwagusi, mto ambao kiangazi hubaki mchanga mtupu, tembo jike alikuwa akichimba kwa mguu wa mbele. Anachimba, anapumzika, anaingiza mkonga, anachimba tena, hadi maji yakapanda. Akanywa, akampisha mwanawe. Nyani na swala walikuwa pembeni wakingoja zamu yao. Tulizima gari tukakaa karibu saa nzima bila mtu kusema neno. Ningekuwa na uwezo, kila mtoto wa Kitanzania angekiona kisima kile kabla hajaonyeshwa simba.

Lakini Mwagusi ni kawaida yake kukauka. Ruaha Mkuu haukuwa hivyo. Ulitiririka mwaka mzima hadi ulipokatika kiangazi cha 1993, na tangu hapo umekuwa ukikauka kiangazi baada ya kiangazi. Sisi tulikuta madimbwi, viboko wamebanana kwenye tope, migongo imekauka kwa jua. Niliona uchungu, Mhariri, na sioni aibu kulisema.

Maji hayo hushuka kutoka milimani, yakapita bonde la Usangu na kuingia ardhioevu ya Ihefu, ndipo yaelekee Msembe. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa na hifadhi, ikafikia takriban kilomita za mraba 20,000. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo mito inayoijaza Ihefu huchotwa kabla haijafika, kwenye mashamba ya mpunga. Wali wa Mbarali, wilaya ya huko Usangu, naula na simlaumu mkulima. Ninacholalamikia ni mabanio, yaani milango ya kuingizia maji ya mto mashambani, kuachwa wazi wakati mpunga umeshavunwa, maji yakapotelea kwenye majaruba yasiyo na kitu. Kufunga banio wakati huo hakumnyimi mtu chakula. Na ni mto huohuo unaokwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Naomba gazeti lenu limtume mwandishi Msembe mwezi Oktoba, kisha apande Usangu wiki hiyohiyo ayaone mabanio. Na ndugu wasomaji mnaopanga safari, nendeni kiangazi, wanyama wanapokusanyika kwenye maji yaliyobaki. Mkishapiga picha za simba, mwombeni mwongoza watalii awasimamishe kando ya Ruaha Mkuu, mpige na picha ya mto ulivyo.

Msomaji wenu,
Iringa