Dada, sikumnyima Baba nyama

Dada,

Naandika hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na uliyoyasema matangani uliyasema mbele ya watu. Eti nilimtesa mzee kwa njaa. Mpaka leo Shangazi ananiangalia kwa jicho baya.

Harusi ya mdogo wetu pale Buruburu unaikumbuka. Nilikuwa ndio nimempa Baba kidonge chake cha Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo uliomtetemesha na kumgandisha, nyama nikasema ingoje kidogo. Ukaja wewe na sahani ya mbavu za mbuzi, ukamlisha kwa mkono wako huku ukinisema. Uso wake ulivyong'aa! Kumpenda ulimpenda, hilo sikunyang'anyi. Lakini alipoitwa kumbariki binti yake, miguu iligoma. Ameshika ukingo wa meza, kidole gumba kinasugua cha shahada, bi harusi amesimama anangoja. Nawe ukasema kwa sauti, "Mmemlevya madawa."

Nani alimlevya? Seli nyingi za neva ubongoni hazigusani, Dada. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya wa nanomita kama 20 hivi. Ujumbe ukifika ukingoni, seli humwaga kemikali kutoka kwenye vifuko vyake, zikavuka, zikanasa kwenye vipokezi vya seli ya pili, nayo ikaamka au ikatulizwa. Mwili kuuanzisha mwendo unahitaji mojawapo, dopamini. Seli za Baba zinazoitengeneza zilikuwa zinakufa wakati sisi bado tunasema ni uzee.

Dopamini ukiimeza haiingii ubongoni. Levodopa, dawa iliyokuwa kwenye kidonge chake, huingia, ikageuzwa dopamini humo humo. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, Mswidi, aliwapa sungura dawa ikawagandisha, kisha akawapa levodopa wakaanza kutembea tena. Nilipomsimulia Baba alicheka hadi akakohoa: "Kumbe mimi ni sungura wa Buruburu!"

Sasa hiyo nyama. Protini ikishasagwa tumboni hutoa asidi amino, nazo hugombania na levodopa mlango ule ule, utumboni na tena ubongoni, kama abiria stejini mvua ikinyesha. Kidonge kinabaki nje. Ndiyo maana nilisema ingoje. Nyama alikula, tena karibu kila jioni. Muulize Mama.

Pesa za dawa ulituma, sikatai. Zile za chama nilishalipa, usizitaje tena.

Nasikia baba mkwe wako naye anatetemeka. Mpeleke kwa daktari wa neva kwanza, si kila anayetetemeka ana Parkinson. Akiandikiwa levodopa, asikatishwe ghafla, na saa za kula mkapange na daktari. Weka kengele kwenye simu. Yangu ililia alfajiri, nikaamka, nikapasha maji, nikamwinua mzee, wewe umelala huko kwenu, na Shangazi, anayejua kusema sana, hakuwahi kumshikia hata kikombe. Nilifanya nilichoambiwa na daktari.

Desemba ukija fikia kwangu, si kwa Shangazi.